Maji ya moto ya kuoga kutoka kwenye injini ya boti: yanapatikanaje, na wapi yanaunguza

Kila kusi ikianza kuvuma huwa napata swali lile lile kutoka kwa wenye boti za kuzamia na za uvuvi: hivi kweli inawezekana kuoga maji ya moto ndani ya boti bila jenereta, kwa kutumia joto la injini tu? Jibu ni ndiyo. Halafu kuna jibu la pili ambalo watu hawaliulizi, kwamba ukifunga ovyo utamuunguza mtu. Mimi nimeshamuunguza mtu, nitawasimulia huko chini. Basi leo nimekaa niandike yote mahali pamoja, ili anayetaka kufunga afunge kwa akili.

Neno moja la kuanzia. Nikisema "maji matamu" namaanisha maji yasiyo na chumvi. Wengine huyaita maji baridi, lakini hapa tutachanganyikiwa maana tunazungumzia baridi na moto.

KWANZA, KWA NINI MAJI YA MOTO?

Kuna watakaocheka. Pwani yetu na joto hili, maji ya moto ya nini? Anayecheka hajakaa sitahani mwezi wa saba saa kumi na mbili jioni, nguo zimelowa, upepo wa kusi unampiga mgongoni. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Wazamiaji (wale wa mitungi, sio wale wa kujificha kwenye meli) wakikaa saa nzima chini hupanda juu midomo inatetemeka hata kama bahari ina digrii 25. Mtu wa namna hiyo hawezi kufunga fundo vizuri wala hasikii vizuri unachomwambia. Kwa hiyo sio anasa ya watalii peke yake.

Tahadhari ndogo hapo hapo: aliyetoka kuzamia kina kirefu asikimbilie maji ya moto sana mara tu anapopanda. Mwili ukipashwa ghafla, gesi iliyoyeyuka kwenye damu na nyama inaweza kutoka kama mapovu. Avue nguo ya kuzamia, ajikaushe, avae kitu kikavu, anywe chai, kisha aoge maji ya vuguvugu baadaye.

JOTO LENYEWE LINATOKA WAPI

Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama kilowati-saa 10. Injini haiwezi kuzigeuza zote kuwa nguvu ya kusukuma boti. Kwa hesabu ya jumla, theluthi moja hivi inafika kwenye shafti, theluthi nyingine inatoka na moshi kwenye ekzosi, na kubwa ya iliyobaki inachukuliwa na maji ya kupoza injini, ambayo huenda kuitupa baharini. Yaani unanunua mafuta ya lita tatu, lita moja inaendesha boti, mbili zinapasha joto samaki na hewa.

Sasa tufanye hesabu. Chukua tangi la lita 40. Maji yameingia yakiwa digrii 27 na unataka yafike 75. Hiyo inahitaji kilowati-saa 2.2 hivi. Injini inayokunywa lita 4 kwa saa inatupa kwenye maji ya kupozea kama kilowati 10 hadi 13. Kwenye karatasi, robo saa inatosha. Kwenye boti haiwi hivyo, kwa sababu kadiri maji ya tangi yanavyopanda joto ndivyo yanavyopokea polepole. Mimi huwaambia wateja nusu saa hadi saa moja ya mwendo. Na joto hilo ni lile ambalo tayari lilikuwa linakwenda kumwagwa.

Linganisha na umeme. Hita ya kilowati 3 kwenye betri za volti 12 inataka ampea 250. Betri zako hazitamaliza kuosha mtu wa pili. Gesi nayo inapasha vizuri, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja inashuka na kutuama kwenye ngama, inasubiri cheche. Na hita ya gesi kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa inatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa anajisabuni. Ndiyo maana joto la injini linashinda.

JE, INJINI YAKO INAFAA?

Hapa wengi wetu tunakwama, maana boti zinatofautiana.

Mashine ya kupachika (ile inayoning'inia nyuma): sahau. Yale maji yanayochuruzika pembeni kuonyesha pampu inafanya kazi ni ya vuguvugu, na ni ya chumvi. Usianze kukata mipira ya mashine ya kupachika ili uoge. Chukua dumu jeusi la lita 20, lianike juani tangu asubuhi, jioni utanishukuru.

Injini ya ndani inayopozwa na maji ya bahari moja kwa moja: inawezekana, ila sikushauri. Injini hizi huendeshwa kwenye joto la chini, digrii 50 hadi 60 hivi, kwa sababu maji ya bahari yakizidi hapo chumvi inaanza kuganda ndani ya njia zake. Maji yako ya kuoga hayatapata moto wa maana, na chumvi itakula koili.

Injini ya ndani yenye maji matamu na kulanti yanayozunguka humo humo, halafu yanapozwa na maji ya bahari kupitia kipozeo, au kupitia bomba lililolazwa nje chini ya boti: HII NDIYO YENYEWE. Thermostati yake huanza kufungua kama digrii 75 hadi 85. Injini nyingi za boti za aina hii zina matundu mawili yaliyozibwa kwa plagi, yamewekwa kiwandani kwa kazi hii hii. Hata injini ya lori iliyogeuzwa kuwa ya boti ina matundu hayo, ndiyo yale yaliyokuwa yanapeleka joto kwenye kabini ya dereva.

MFUMO WENYE TANGI

Hili ni tangi lenye koili ndani yake. Maji ya injini yanapita ndani ya koili, maji ya kuoga yanazunguka nje yake. Hayagusani. Nimeorodhesha kwa mpangilio ninaofuata mwenyewe:

1. Tangi. Lita 20 hadi 40 zinatosha boti ya watu wanne hadi sita. Liwe limevishwa sponji nene pande zote. Tangi lililovishwa vizuri, ukizima injini jioni, asubuhi bado lina maji ya kuogea. Usijitengenezee kwa pipa la mafuta au mtungi wa gesi wa zamani. Hilo ni bomu.

2. Mahali. Liweke chini, karibu na injini, na sehemu ya juu ya koili iwe chini kuliko mfuniko wa rejeta ya injini. Likikaa juu zaidi, hewa itanaswa kwenye koili na maji hayatazunguka. Kama huna namna, ongeza kitangi kidogo cha kulanti kilicho juu kuliko vyote, na mfuniko wenye presha uhamie huko.

3. Mipira. Chukua maji upande wa moto wa injini, kabla ya thermostati, na uyarudishe upande ambao pampu ya injini inavuta. Ukitoa baada ya thermostati, utasubiri sana kupata moto. Tumia mipira ya hita ya gari, ya milimita 16, sio mpira wa bustani. Weka klempu mbili za stenlesi kila kiungo, na mpira upande moja kwa moja bila kupinda juu-chini, maana kila mgongo wa ngamia ni kituo cha hewa.

4. Koki mbili. Weka koki kwenye mpira wa kwenda na mpira wa kurudi, karibu kabisa na injini. Nimeona boti ikiwa katikati ya Mkondo wa Pemba mpira umesuguliwa na fremu mpaka ukatoboka, kulanti yote ikaishia kwenye ngama. Sindano ya joto ikapanda. Nahodha akafunga koki mbili, akaongeza maji ya kunywa kwenye rejeta baada ya injini kupoa, akaendelea na safari. Bila zile koki angekuwa anapunga shati hewani. Kuoga kusikugharimu injini.

5. Upande wa maji ya kuoga. Kuna pampu ya volti 12, halafu valvu ya kuzuia maji ya moto yasirudi kwenye tangi la maji ya kunywa, halafu valvu ya usalama. Maji yakipashwa kutoka digrii 25 hadi 80 yanapanuka kama asilimia 2.6. Kwenye lita 40 hiyo ni lita moja nzima inayotafuta pa kwenda. Valvu ya usalama ikidondosha matone wakati injini inapasha, hiyo ndiyo kazi yake. Ukiona yanakukera, funga kitangi kidogo cha kupokea upanuzi. USIIZIBE. Nimewahi kukuta moja imezibwa kwa bolti, na mwenyewe ananiambia kwa fahari kwamba ameponya kuvuja. Bwana we, hujaponya kitu, umetengeneza kombora.

6. Valvu ya kuchanganya. Hii inachukua maji ya tangi na maji ya kawaida, inatoa mchanganyiko wa joto ulilochagua, digrii 40 hivi. Hii sio ya hiari. Soma kisa hapo chini.

7. Maji machafu. Yasiachiwe kwenda kwenye ngama. Sabuni, nywele na mafuta vitaziba pampu ya ngama siku unayoihitaji kuliko zote. Weka kibeseni chenye pampu yake.

Ukimaliza, jaza kulanti injini ikiwa ya BARIDI, washa, binyabinya mipira kwa mkono ili hewa itoke, ongeza tena. Usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Siku mbili tatu za mwanzo angalia kiwango kila asubuhi.

KISA CHANGU

Mwaka 2011 nilifunga mfumo wangu wa kwanza kwenye boti ya mbao ya mita 14, injini ya silinda nne. Tangi la lita 30, kazi safi, mipira imelala vizuri. Valvu ya kuchanganya sikuweka. Nilijiambia ni gharama za bure, bafuni kuna koki mbili, mtu mzima atajichanganyia mwenyewe. Siku ya majaribio nilioga mimi wa kwanza, tukacheka, nikapongezwa.

Mwezi wa saba tulikuwa tunarudi kutoka kupeleka wageni kuzamia. Mkondo ulikuwa dhidi yetu, injini imesukumwa zaidi ya saa tatu. Kulikuwa na kijana wa sitahani, dogo wa miaka kumi na tisa, alikuwa amelowa tangu asubuhi. Nikamwambia mwenyewe: dogo, nenda kaoge maji ya moto, umestahili. Akaingia, mikono imekufa ganzi, akafungua koki ya moto yote. Boti ikayumba, akajishikilia ukutani, hakuweza kuruka nje kwa haraka. Nilisikia ukelele, nikajua kabla sijafika.

Maji yalikuwa karibu digrii 80. Nyinyi mjue hesabu zake: maji ya digrii 49 yanahitaji dakika tano hivi kumuunguza mtu mzima vibaya. Ya digrii 54, nusu dakika. Ya 60, sekunde kama sita. Ya 66, sekunde mbili. Ya 80 hayakupi muda wa kusema "aah". Na mtu mwenye ganzi ya baridi hasikii haraka kwamba anaungua.

Mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine akasema asali. Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, akawafukuza wote. Akatuagiza tumwagie bega maji matamu ya kawaida dakika 20 bila kuacha. Tulimaliza karibu maji yote ya kunywa ya boti. Daktari alituambia baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyopunguza ukali. Hata hivyo bega la kushoto na sehemu ya mgongo vilichubuka, alikaa wiki sita bila kazi. Nililipa matibabu na mshahara wake. Alama anazo mpaka leo, na kila nikimwona bandarini ananisalimia "shikamoo fundi" kama kawaida, na mimi bado naona haya kuitikia.

Kile kidude nilichokiona gharama, kinaenea kwenye kiganja cha mkono.

MFUMO USIO NA TANGI

Kwa boti ndogo kuna njia rahisi. Badala ya tangi unafunga kibadilisha-joto kidogo tu, chenye sahani au bomba ndani ya bomba. Upande mmoja yanapita maji ya injini, upande wa pili pampu ndogo inavuta maji kutoka kwenye dumu na kuyapeleka bafuni. Ni mtindo ule ule wanaoufunga watu wa magari ya safari za porini. Faida: haina uzito, haina presha ya kulipuka, unaweza hata kutumia maji ya ziwani ukiwa Tanganyika au Nyasa. Hasara: lazima injini iwe inawaka, na joto linategemea kasi ya maji. Pampu ikilegea au mtu akikanyaga mpira, maji yanayotoka yanakaribia joto la injini. Kwa hiyo kanuni ni moja: maji yaende kwenye NDOO kwanza, uyapime kwa mkono, ndipo ujimwagie kwa kopo. Bibi zetu walikuwa wanajua hilo bila injini.

Usiwashe injini na kuiacha bila mzigo saa nzima nangani ili watu waoge. Dizeli isiyo na mzigo haipati joto la kutosha, inajaza masizi na kuharibu kuta za silinda. Pasha ukiwa safarini, tumia ukifika. Na injini ikiwaka nangani, moshi wake unaweza kurudi ndani kupitia mlango wa nyuma. Kaboni monoksidi haibishi hodi.

Wengine wananiuliza kwa nini tusizungushe bomba la shaba kwenye ekzosi, mbona kuna joto jingi zaidi. Kweli lipo. Lakini ekzosi haina thermostati. Maji yakisimama ndani ya bomba yanachemka na kuwa mvuke papo hapo. Meli kubwa zinalitumia joto hilo, ila kwa boila maalumu na mainjinia wanaoilinda. Maji ya kupoza injini kuu nayo, yenye digrii 80 na kitu, yanatumika kuvukiza maji ya bahari ili kupata maji matamu. Ndani ya chombo presha imeshushwa, kwa hiyo bahari inachemka kwenye digrii 40 hadi 50 tu. Baharia anayeoga katikati ya Bahari ya Hindi mara nyingi anaoga maji yaliyotengenezwa na joto ambalo injini ililitupa. Sisi tunafanya jambo lile lile kwa udogo wetu.

MAJI HAYATOSHI?

Yanatosha, ukijua kuoga. Lita 40 za digrii 75 zikichanganywa na maji ya digrii 27 zinatoa kinadharia lita zaidi ya 140 za digrii 40. Kwa hiyo kitakachokuishia kwanza ni maji ya kawaida, sio moto. Lowa, funga, jisabuni, fungua, suuza. Lita tano hadi saba kwa mtu. Anayeacha bomba la mvua likitiririka dakika tano anamaliza lita 30 za wenzake.

UKAGUZI

Kila mwezi: papasa mipira yote, hasa inapogusa mbao au chuma. Inua kidogo mpini wa valvu ya usalama uone inatoa maji. Angalia kulanti. Ikiwa inapungua na huoni inapovuja, shuku koili imetoboka na kulanti inaingia kwenye maji ya kuoga. Kulanti ya kawaida ya ethilini glikoli ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo USIONJE. Angalia rangi kwenye ndoo nyeupe. Mimi siku hizi natumia ile ya propilini glikoli, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Na kwa vyovyote vile, maji ya bomba la moto yasinywewe wala yasipikiwe chai.

Boti ikiwa imelala wiki kadhaa, maji ya vuguvugu tangini ni shamba la bakteria. Wale wa legionela hustawi kati ya digrii 20 na 45 na huingia mapafuni kupitia matone ya bafuni. Mwaga yote, jaza upya, pasha mpaka zaidi ya 60 kabla mtu hajaoga. Ndiyo maana tangi linaachwa liwe moto sana, na upozaji unafanywa na valvu ya kuchanganya, sio kwa kushusha joto la tangi.

Basi wadau, ni hayo. Mwenye uzoefu tofauti, hasa mafundi wa maziwani, tupieni hapo chini tujifunze. Na wewe unayetaka kufunga wikiendi hii: kama pesa imepungua, punguza ukubwa wa tangi, punguza marembo ya bafu. Ile valvu ya kuchanganya nunua ya kwanza kabisa, kabla hata hujagusa spana.